Maji Yanalaumiwa, Mikono Inasahaulika: Jinsi Maradhi ya Tumbo Yanavyompata Mtembeaji wa Porini

Mtu anayejiandaa kwenda kutembea milimani au kupiga kambi porini kwa siku kadhaa hupewa onyo moja kabla ya mengine yote: usinywe maji ya mto bila kuyatibu. Onyo hilo ni sahihi, na makala hii haikusudii kulipinga. Tatizo ni kwamba wengi hulichukulia kuwa ndilo onyo lote. Hununua kichujio kizuri, huchuja kila tone wanalokunywa, kisha jioni huketi na wenzao kuuzunguka mfuko mmoja wa karanga, kila mmoja akitumbukiza mkono ambao tangu asubuhi umeshika kamba za viatu, fimbo, jasho na karatasi ya chooni bila kuonja sabuni. Siku ya pili mmoja akianza kutapika, lawama zote huuangukia mto.

Kwa upande mwingine wapo watembeaji wazoefu wanaoshikilia kwamba maji ya vijito vya juu milimani ni safi kuliko watu wanavyodhani, na kwamba kinachowaumiza watu porini ni uchafu wao wenyewe. Nao hawazungumzi bila sababu, kwa maana katika milima ya Sierra Nevada, jimboni California, watafiti waliopima maji ya vijito na maziwa walikuta vimelea vya tumbo viitwavyo giadia kwa kiwango kidogo sana. Hata hivyo, kuruka kutoka kwenye kipimo hicho hadi kuamua kwamba maji hayahitaji kutibiwa ni kosa, kwa kuwa kipimo kilichochukuliwa mwaka jana hakijui kitu kuhusu mnyama aliyekufia mtoni leo alfajiri, mita mia mbili juu ya mahali unapojaza chupa yako.

Kila upande umeshika nusu ya ukweli, na upo uchunguzi unaoziunganisha nusu hizo. Mwaka 2003 jarida la American Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa daktari David Boulware kuhusu watembeaji 334 waliokuwa safarini mwaka 1997 katika Njia ya Appalachian, njia ya miguu yenye urefu wa takriban kilomita 3,500 mashariki mwa Marekani. Asilimia 56 ya waliojibu maswali yake waliharisha wakati fulani wa safari. Waliokunywa mara kwa mara maji ya vijito na mabwawa bila kuyatibu waliharisha zaidi kuliko wenzao, lakini pia wale waliozoea kunawa mikono baada ya haja kubwa na kusafisha vyombo vya kupikia waliepukana na adha hiyo zaidi kuliko wasiofanya hivyo. Kila jambo lilikuwa na uzito wake, na hata miongoni mwa waliotibu maji kila siku wapo walioumwa. Anayeziba njia moja na kuiacha nyingine wazi hujipunguzia hatari, lakini hajajikinga.

Makundi matatu, tabia tatu

Mkanganyiko mkubwa katika mada hii hutokana na kuyaita maradhi yote haya kwa jina moja, tumbo, kana kwamba mhusika ni mmoja. Wahusika ni wa makundi matatu yasiyofanana kwa ukubwa, kwa ugumu wa ganda wala kwa namna ya kusafiri, na kila njia ya kujikinga inafanya kazi vizuri kwa kundi moja na kushindwa kwa jingine.

Kundi la kwanza ni protozoa, na kati yake wawili ndio wanaomhusu zaidi mtembeaji: giadia na kriptosporidiamu. Hawa hutoka katika kinyesi cha binadamu na cha wanyama wakiwa wamejifunika kwa ganda gumu linalowawezesha kuishi katika maji ya baridi kwa wiki nyingi, hata miezi. Ganda la giadia lina upana wa mikromita 8 hadi 12, yaani takriban sehemu ya mia moja ya milimita, na la kriptosporidiamu ni kama nusu ya hapo. Kwa viumbe visivyoonekana kwa macho hayo ni maumbile makubwa, na ukubwa huo ndio udhaifu wao, kwa sababu kichujio chochote cha maana huwanasa. Nguvu yao iko kwenye ganda lenyewe. Mwaka 1993 kriptosporidiamu iliingia katika maji ya bomba ya jiji la Milwaukee nchini Marekani, maji yaliyokuwa yametiwa klorini kama kawaida, na watu wanaokadiriwa kufikia 403,000 wakaugua.

Kundi la pili ni bakteria kama vile salmonela, shigela, kampilobakta na aina kadhaa za E. koli. Hawa ni wadogo zaidi, wengi wakiwa na unene wa karibu nusu mikromita, lakini hawana ganda gumu la kujihami; klorini huwaua upesi, moto huwaua upesi, na vichujio vyenye matundu ya mikromita 0.2 au chini yake huwazuia.

Kundi la tatu ni virusi, hasa norovirusi, ambavyo ni vidogo kiasi kwamba hupita katika kichujio cha kawaida cha watembeaji bila kuzuiwa na kitu. Chembe ya norovirusi ina upana wa takriban mikromita 0.03. Inakisiwa kwamba chembe chini ya 20 zinatosha kumwangusha mtu mzima mwenye afya, ilhali mgonjwa mmoja hutoa mabilioni. Virusi hivi hukaa siku nyingi juu ya mpini wa kijiko, mfuniko wa chupa au zipu ya hema, na binadamu ndiye anayevibeba kutoka mahali hadi mahali. Kwa hiyo mahali penye msongamano wa wasafiri, kama kambi zinazotumiwa kila usiku na vibanda vya kulala njiani, ndipo vinapostawi, hata kama maji ya hapo yanatoka moja kwa moja kwenye theluji.

Ni lini hasa uliambukizwa?

Sababu kubwa ya maji kubebeshwa mzigo usio wake ni kwamba mgonjwa hukumbuka alichokunywa au kula mara ya mwisho, wakati vimelea vingi havina haraka hiyo. Sumu ya bakteria aitwaye stafilokoka, ambayo hutengenezwa ndani ya chakula kilichoguswa na mkono mchafu na kuachwa kwenye joto, humtapisha mtu ndani ya saa chache tu. Norovirusi huchukua saa 12 hadi 48. Kampilobakta huchukua siku mbili hadi tano. Kriptosporidiamu huchukua kama wiki moja, na giadia kwa kawaida huchukua wiki moja hadi mbili.

Kutokana na hesabu hiyo, mtu aliyeanza safari Jumamosi na kutapika usiku wa Jumapili hakuambukizwa giadia na kijito alichokinywa saa nne zilizopita. Inawezekana zaidi kwamba alitoka na maradhi hayo mjini, au kwenye gari, au aliyapata katika sufuria ya pamoja usiku wa kwanza. Kinyume chake, giadia ya safari ya wikendi humkuta mtu amekwisha kurudi kazini, viatu vimeshafuliwa na safari imeshasahaulika, hivyo wengi hawaihusishi kabisa na mto. Kwa maneno mengine, maji huumiza mara nyingi kimyakimya baada ya safari, na mikono huumiza mara nyingi wakati safari ingali inaendelea. Ukilielewa hilo, mabishano ya kambini kuhusu nani au nini kilimuumiza mwenzetu hupungua sana.

Kuyatibu maji bila kujidanganya

Kazi ya kwanza ni kuchagua mahali pa kuteka. Maji yanayotiririka upande wa juu wa njia ya watu, wa malisho ya mifugo na wa kambi ni bora kuliko yaliyokwisha kupita huko, na chemchemi inayotoka ardhini ni bora kuliko dimbwi. Uchaguzi mzuri hauondoi haja ya kutibu maji, lakini hupunguza mzigo wa dawa au kichujio. Maji yenye tope yaachwe yatulie kwenye chombo, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kabla ya hatua nyingine yoyote, kwa kuwa tope huziba vichujio, hula nguvu ya klorini na huvipa vimelea mahali pa kujificha dhidi ya mionzi ya taa au ya jua inayotumika kutibu maji. Maji yenye utando wa kijani au wa bluu-kijani juu yake yaachwe kabisa. Utando huo huweza kuwa wa bakteria wanaotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Vivyo hivyo maji yanayotoka kwenye migodi au mashamba yanayopuliziwa dawa, kwa maana njia zote zitakazotajwa hapa chini zimekusudiwa kuua au kunasa vimelea na si kuondoa kemikali.

Kuchemsha ndiyo njia pekee inayomaliza makundi yote matatu bila masharti mengi. Mashirika ya afya hushauri maji yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda mfululizo, kwa dakika moja, na kwa dakika tatu katika sehemu zilizo juu ya mita 2,000 hivi. Wapo wanaoogopa kwamba milimani maji huchemka yakiwa hayajapata joto la kutosha, na ni kweli kwamba kwenye mwinuko wa mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi na kwenye mita 5,000 kwenye nyuzi 83 hivi. Lakini vimelea vya tumbo huanza kufa kwa wingi maji yanapofikia nyuzi 70, na muda ambao maji yanapanda joto hadi kuchemka nao unahesabika. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuchemsha kwa robo saa na kumaliza gesi ambayo mtahitaji kesho. Theluji iliyoyeyushwa nayo ichemshwe; ubaridi huhifadhi vimelea na hauviui.

Vichujio vinapendwa kwa sababu maji hupatikana papo hapo. Vingi hutumia nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati, zenye matundu ya mikromita 0.1 au 0.2, na hivyo hunasa protozoa na bakteria vizuri sana. Virusi vinapita. Katika maeneo ya mbali yasiyo na watu wengi jambo hilo halina uzito mkubwa, kwa sababu virusi vinavyotuumiza hutoka kwa binadamu. Chini ya kijiji au kambi kubwa, lina uzito sana. Kuna hatari nyingine ambayo haitangazwi vya kutosha: nyuzi hizo zikiwa na unyevu na zikaganda kwa baridi usiku, barafu huzipasua, na kichujio kilichopasuka hupitisha maji vizuri tu, tena pengine kwa wepesi zaidi, bila dalili yoyote ya nje. Anayelala mahali penye baridi ya kugandisha akiweke kichujio chake kwenye mfuko wa plastiki na kulala nacho ndani ya mfuko wa kulalia. Kikishaganda, au ukiwa na shaka kama kiliganda, kisitumike tena peke yake.

Klorini, iwe ya vidonge au ya majimaji, ni nyepesi kubeba na huua bakteria na virusi, yaani hutimiza kile kichujio kisichoweza. Kwa anayetumia dawa ya klorini ya nyumbani yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, isiyo na manukato wala sabuni, kipimo ni matone mawili kwa lita ya maji maangavu, kisha kusubiri dakika 30. Maji yakiwa ya baridi sana au yenye ukungu, kipimo huongezwa mara mbili na muda hurefushwa. Giadia huistahimili klorini kwa muda mrefu zaidi kuliko bakteria, na kriptosporidiamu haishituki. Iodini nayo haiiwezi kriptosporidiamu, na isitumiwe na wajawazito wala wenye matatizo ya tezi ya shingo. Vidonge vya klorini dioksaidi, ambayo ni dawa tofauti na klorini ya kawaida, ndivyo vinavyoiweza, lakini maelekezo yake kwa kawaida hutaka kusubiri saa nne nzima, jambo ambalo mtu mwenye kiu aghalabu hulikatiza.

Taa ndogo za mionzi ya urujuanimno huharibu uwezo wa vimelea vya makundi yote matatu kuzaliana, na huchukua dakika moja au mbili kwa lita, ila hutegemea betri na maji yaliyo maangavu kabisa. Jua lenyewe lina mionzi hiyo. Chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita mbili, ikiwekwa juani kwa saa sita, au kwa siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu mengi, hutoa maji yaliyo salama zaidi, na ni njia ya kuikumbuka pale vifaa vingine vinapopotea.

Kwa maoni yangu, mtu asitafute njia iliyo bora kuliko zote bali atafute mbili zinazofunikana mapungufu. Kichujio kikifuatiwa na klorini hufunga makundi yote matatu: kichujio kinaondoa protozoa ambazo klorini haiziwezi, na klorini inaua virusi ambavyo kichujio kimepitisha. Anayepika kwa moto kila jioni anaweza kuchemsha maji ya kesho usiku na kubeba vidonge kwa ajili ya njiani.

Kisha kuna jambo dogo linaloharibu kazi yote hiyo. Tazama mdomo wa chupa iliyozamishwa mtoni na kutiwa kidonge. Maji ya ndani yametibiwa, lakini kwenye nyuzi za mdomo, pale mfuniko unapojizungushia, bado kuna tone la maji mabichi, na hapo ndipo midomo inapogusa. Baada ya dakika chache za kutia dawa, legeza mfuniko kidogo, pindua chupa, uache maji yenye dawa yapite katika nyuzi hizo na kumwagika, kisha kaza tena. Kwa mantiki hiyohiyo, chombo cha kutekea na chombo cha kunywea visibadilishane kazi, mpira wa kichujio unaozamishwa mtoni usifungwe pamoja na ule unaotoa maji safi, na maji ya kupigia mswaki au kusuuzia kikombe yawe yaleyale ya kunywa.

Mikono na sufuria ya pamoja

Kati ya Aprili na Juni mwaka 2022, watu zaidi ya 200 waliokuwa wakisafiri kwa mashua za mpira katika mto Colorado na kutembea kwa miguu ndani ya Grand Canyon, korongo kubwa la mto huo nchini Marekani, waliugua tumbo, na norovirusi ikathibitika kuwa miongoni mwa visababishi. Hao walikuwa makundi tofauti, yaliyoanza safari siku tofauti, lakini yaliyopita katika fukwe zilezile na kambi zilezile. Tukio hilo linaonyesha kwamba upweke wa pori haumkingi mtu na maradhi ya msongamano. Kundi la watu wanane wanaopika chungu kimoja, wanaokunywa kwenye chupa ya yeyote iliyo karibu na kulala bega kwa bega, wanaishi kwa ukaribu kuliko wanavyoishi majumbani mwao.

Dawa yake ni sabuni na maji, na msuguano wa sekunde 20. Vitakasa mikono vyenye alkoholi, vinavyofaa sana dhidi ya bakteria, haviaminiki dhidi ya norovirusi wala dhidi ya maganda ya protozoa, na juu ya mkono wenye tope au mafuta nguvu yake hupungua zaidi. Vibebwe, maana ni bora kuliko kutofanya chochote, lakini visichukue nafasi ya sabuni. Kunawa porini hakuhitaji maji mengi: chupa iliyotobolewa mfuniko na kuning'inizwa mtini, kipande cha sabuni ndani ya soksi kando yake, na iwe kwenye njia inayotoka chooni kwenda jikoni ili kila anayerudi aione. Nusu kikombe cha maji kinatosha mtu mmoja. Kunawa kufanyike mbali na kijito, kwa kuwa sabuni, hata ile inayouzwa kwa jina la kuoza yenyewe, haifai kuingia mtoni.

Nyakati mbili hazina msamaha, baada ya choo na kabla ya kushika chakula. Vitafunwa vimiminwe kwenye kiganja cha mlaji badala ya kila mmoja kuingiza mkono mfukoni. Kijiko kilichokwenda mdomoni kisirudi kwenye sufuria. Kikombe kiwe na mwenyewe. Ninafahamu kwamba katika kundi la marafiki masharti haya huonekana kama ubaguzi au ulimbwende, na huo ndio ugumu wake halisi, kwa hiyo ni vyema yakubaliwe na wote kabla ya safari, wakati hakuna aliyeumwa na hakuna atakayejiona ametengwa. Yeyote ambaye ametapika au ameharisha asipike wala asigawe chakula hadi zipite angalau siku mbili tangu apate nafuu, kwa maana norovirusi huendelea kutoka mwilini hata baada ya mtu kujiona mzima. Aliyeugua siku moja kabla ya kuondoka anawadai wenzake ukweli huo, na pengine anapaswa kuahirisha safari.

Vyombo vioshwe kwa maji moto na sabuni, visuuzwe kwa maji yaliyotibiwa, kisha vikaushwe kwa hewa na jua. Kitambaa kimoja cha kufutia vyombo, kikitumika siku tano kikiwa kibichi, hurudisha kwenye sahani kila kilichoondolewa na sabuni.

Choo, na maji ya atakayekuja nyuma yako

Pasipo choo, shimo lichimbwe kwa koleo dogo hadi kina cha sentimita 15 hadi 20, umbali usiopungua mita 60 kutoka kwenye maji, njia na kambi. Kina hicho kina sababu: udongo wa tabaka la juu ndio wenye viumbe wengi wanaoozesha kinyesi, na chini zaidi uozaji hupungua. Hata hivyo, uozaji huo ni wa polepole kuliko wengi wanavyoamini. Watafiti waliofukia kinyesi chenye bakteria katika milima ya jimbo la Montana, nchini Marekani, waliwakuta bakteria hao wangali hai baada ya majira ya baridi kupita. Kufukia kunazuia inzi, wanyama na mvua visisambaze kinyesi kwa sasa. Hakukifanyi kiwe udongo kwa mwezi mmoja. Ndiyo maana juu ya theluji, kwenye miamba isiyo na udongo na katika maeneo yanayotembelewa na watu wengi, utaratibu unaofaa ni kubeba kinyesi na karatasi katika mifuko maalumu hadi mahali pa kutupia, na sehemu nyingine huo ni sharti la kisheria.

Chakula

Chakula kikavu, kinacholowekwa na kuchemshwa wakati wa kula, huleta matatizo machache. Hatari iko kwenye kiporo. Bakteria huzaana upesi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, kwa hiyo chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, au saa moja katika joto la zaidi ya nyuzi 32. Wali uliobaki usiku na kupashwa moto asubuhi unastahili tahadhari ya pekee, kwa kuwa bakteria mmoja aitwaye Bacillus cereus huacha ndani yake sumu isiyoharibika kwa kupashwa. Pikeni kinacholiwa kikaisha.

Mtu akishaumwa

Kinachoua katika kuhara ni upungufu wa maji na chumvi mwilini, na mtembeaji anayetoka jasho hufika huko mapema kuliko mtu aliyelala nyumbani. Pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini ni nyepesi, na sioni sababu ya mtu kwenda porini bila kuwa nazo tatu au nne. Zisipokuwepo, lita moja ya maji yaliyotibiwa ichanganywe na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa na si vya mlima. Mtu mzima anywe kikombe kimoja hadi viwili kila baada ya kuharisha. Anayetapika asubiri dakika kumi, kisha aanze tena kwa kijiko kimoja kila baada ya dakika chache. Wengi huweza kubakiza maji kwa njia hiyo hata pale ambapo kikombe kizima hurudi.

Dawa za kufunga kuhara kama loperamaidi zinaweza kumsaidia mtu mzima anayelazimika kutembea hadi barabarani, lakini zisitumike kukiwa na damu kwenye kinyesi au homa kali, na wasipewe watoto wadogo. Damu, homa inayozidi nyuzi 38.5, kushindwa kubakiza maji tumboni, mkojo mchache na mweusi, au kuchanganyikiwa ni ishara kwamba safari imekwisha na mgonjwa ashushwe au msaada uitwe bila kungoja kuche.

Kuna kisa kimoja ambacho kulaumu tumbo huweza kuwa hatari. Mtu aliye juu ya mita 2,500, anayeumwa kichwa, mwenye kichefuchefu na kutapika lakini asiyeharisha, achukuliwe kuwa ana ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Huyo asipande zaidi kwa kudhani kwamba ni chakula cha jana, na akizidiwa dawa yake ni kuteremka.

Mwisho, kwa kuwa giadia hujionyesha baada ya wiki moja au mbili, mtu anayepata kinyesi chenye mafuta na harufu kali, gesi nyingi, tumbo kujaa na kucheua kwa harufu ya yai bovu baada ya kurudi, amweleze daktari waziwazi kwamba alikuwa porini na alikunywa maji gani, la sivyo huenda kipimo kinachohitajika kisifanywe. Vimelea hivyo havitoki kwenye kinyesi kila siku, kwa hiyo sampuli moja isiyoonyesha kitu haitoshi kuviondolea shaka, na kwa kawaida huhitajika sampuli za siku tatu tofauti. Giadia hutibika kwa dawa zinazoandikwa na daktari. Hata baada ya kupona, utumbo wa baadhi ya watu hushindwa kusaga sukari ya maziwa kwa wiki kadhaa, na kuhara kunakorudi kila wanywapo maziwa katika kipindi hicho hakumaanishi lazima kwamba dawa imeshindwa.